Ng'ombe Aliyezuia Maziwa

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mke mgeni Ilula, na mdomo sikuuacha kwetu. Wifi yangu alijifungua, homa ikampanda, akapelekwa hospitali ya misheni Tosamaganga. Kichanga kikabaki nasi. Mimi nilikuwa nimemzika mtoto wangu siku chache nyuma, hivyo mama mkwe, kwa huruma, alimweka mtoto chumba cha mwisho nisimwone.

Tegemeo lake likawa maziwa ya ng'ombe. Naye ng'ombe, ndama wake alipokufa, aliyazuia. Baba mkwe akafanya kama wafugaji wetu wote: aliijaza ngozi ya ndama nyasi kavu, akaisimamisha mbele ya ng'ombe ili adhani mwanawe yu hai. Lakini mama mkwe, kwa kupenda usafi, alikuwa ameshaifua ngozi kwa sabuni. Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa. Baba mkwe akakamua kwa nguvu, akala teke.

"Baba, huyo humkamui kwa ubishi," nikasema.

"Mama, rudi ndani," akanijibu.

Baadaye nilisomea ukunga Mbeya, na miaka ilivyokwenda sayansi ikanipa maelezo yake. Mtoto akinyonya, au mama akisikia tu kilio, habari hupita kwenye neva hadi chini ya ubongo. Huko, katika ncha za neva, homoni imefungwa ndani ya vifuko vidogo mno. Habari ikifika, ioni za kalsiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, huingia ndani ya ncha, na vifuko hufunguka. Homoni huingia kwenye damu, ikalibana titi kwa ndani, maziwa yakashuka. Kalsiamu isipoingia, homoni haitoki. Wenzangu walikariri; mimi nilikuwa nayajua.

Maana asubuhi ile, nikiwa bado pale zizini, mtoto alilia kule ndani. Matiti yakanichoma, kanga ikalowa kifuani. Baba mkwe akageuka upesi, akatazama kwingine. Nilipaswa kuona haya, lakini nilichokuwa nacho ni hasira. Nyumba nzima ilimbembeleza ng'ombe, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Nikaingia ndani. "Mama, nipe mtoto."

"Utaumia, mwanangu."

"Nimeshaumia. Nipe."

Mama mkwe akaniwekea mtoto mikononi. Akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa, akaanza tena. Hapo ndipo nilipomlilia wangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na huyu sikumwachia.