Kitenge cha Upadre wa Adalbert

Siku hizi nikisikia mtu anamsifu mtoto kwa kunyamaza, hasira inanipanda. Nyumbani kwetu, mtaa wa Hewa Bora, tulimsifu mdogo wangu Adalbert hivyo hivyo, nusura tumpoteze.

Na alikuwa mtoto wa kupendeza, jamani! Sisi wengine tukirukaruka uani, yeye alikaa nyuma ya pipa la maji, akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Hakuwa na rafiki hata mmoja. Ukimtania alidhani unamsema vibaya, akanuna siku tatu. Mimi peke yangu nilijua kumchekesha, kwa kuigiza sauti ya katekista wetu. Kicheko kile nakitamani hadi leo.

Mama, Mkatoliki wa Pweto, aliona wito. "Huyu mutoto iko padri kabisa," alisema. Adalbert alipotimiza miaka kumi na miwili, Mama akanunua vitenge vya sare, vya familia nzima kuvaa siku atakayopewa upadre, akavifungia sandukuni. Nasi tukamwita Monsinyori. Kimya kingi kina mshindo, lakini nani alisikiliza?

Akiwa na miaka kumi na tisa, seminarini, alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Wakamrudisha nyumbani. Mama alitaka maombi tu. Niligombana naye mpaka akakubali tumpeleke Adalbert hospitalini.

"Mama, mbele ya ugonjwa alikuwa namuna gani?" daktari akauliza, akitaka habari za kabla hajaugua.

"Mutoto muzuri, docteur. Wa kusali."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, sema kweli! Hakukuwanga na rafiki hata moya. Na kucheka aliacha mwaka muzima mbele ya kugonjwa!"

Daktari alisema watoto wengi wakimya hukua salama. Ila ukimya wa Adalbert ulikuwa ukizidi mwaka hadi mwaka, nasi tukiupigia makofi. Mama akalia. Nilimwonea huruma, na hasira haikuniisha.

Wiki sita baadaye, asubuhi ya kumtoa hospitalini, nilimkuta Mama amefungua sanduku.

"Vaa," akasema, akinitupia kitenge. "Mutoto wangu anarudia ku nyumba. Fête, sikukuu yake, ni hii."

Tulipomleta, Adalbert aliingia bila kututazama, akaenda moja kwa moja nyuma ya pipa. Nikamfuata na kitenge changu kipya, nikaigiza katekista. Hakucheka. Akasogea kidogo, yeye ambaye hakuwahi kumpisha mtu pale.

"Edith," akasema, akinionyesha pa kukaa kando yake, "ikala."