Kwaya ya darasa la sita iliyofungua midomo bila sauti: niliyoyaona Kasulu 2013

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Sina haja ya kutia chumvi, tukio hili lilikuja na chumvi yake. Na sikusimuliwa. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, mikono juu, naongoza kwaya.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Cheti cha form four nilikiacha kwa mama nikaanza kuzunguka: Tabora, Mpanda, Geita, kote nikishika kwaya za makanisa na bendi za harusi. 2013 nikajikuta Kibondo, nauza mitumba.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini (jina nalihifadhi) alinisikia nikipiga gitaa kanisani. Akaniomba niwafundishe muziki watoto wa darasa la tano na la sita. Muziki ulikuwemo ndani ya somo la Stadi za Kazi, ila hakuna mwalimu aliyeutaka.

Wakuu, nilipenda vile vipindi kuliko nilivyotegemea. Ubaridi wa jioni, moshi wa majiko, watoto wanaimba do re mi huku wamejikunyata. Kayamba tulitengeneza wenyewe. Solo nilimpa Editha wa darasa la sita, kabinti kembamba kenye sauti inayofika hadi barabarani.

Yakatangazwa mashindano ya ujirani mwema, shule za Kibondo na za Kasulu. Kwaya itakayoshinda itapelekwa Kigoma mjini kuimba, na watoto wataliona ziwa.

Watoto wanaishi Kigoma, mkoa wa ziwa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Editha aliniuliza, "Mwalimu, ng'ambo yake inaonekana?" Nikamwambia utaenda kujionea mwenyewe.

Wiki ya mwisho, Mwalimu Zakayo, aliyesimamia sanaa pale shuleni, akaniletea wasichana wanne wapya. Wote wana sauti nzito, zilizokomaa. Akaamuru mmoja, Siwema, achukue solo ya Editha.

Nikamuuliza, "Wanne kwa mpigo, na wote waimbaji?"

"Kaka, Kakonko imekuwa wilaya. Watu wanahama."

Huku mtoto kuchelewa kuanza shule ni kawaida, binti wa darasa la sita anaweza kukupita urefu. Na Siwema alikuwa mfupi. Nilisikia watoto wakimwamkia shikamoo, nikasema moyoni, watoto wa Kiha wana adabu sana. Mjinga mimi.

Siku ikafika. Lori hadi Kasulu, vumbi hadi kwenye kope. Uwanja umejaa, walimu, wazazi, wenye maduka, vijana wa bodaboda. Tukaitwa wa kwanza.

Siwema akaanza solo. Wakuu, uwanja ulinyamaza. Nikaliona ziwa hilo hapo.

Kabla hatujafika kwenye kiitikio, mtoto mchanga akalia katikati ya watu. Siwema akayumba kwenye noti. Mtoto akazidisha. Bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni akapenya hadi mbele, akaita kwa Kiha, "Siwema we! Umwana ararira!" Yaani mtoto analia.

Siwema akatoka kwenye mstari. Akampokea mtoto, akaketi kwenye benchi la walimu akiwa na sare yake ya shule, akajitanda kitenge cha bibi, akanyonyesha.

Mimi mikono bado iko juu.

Afisa aliyekuwa jaji mkuu akashika kipaza sauti. "Mwalimu Zakayo, huyu yuko darasa la ngapi?"

"La sita, mheshimiwa."

Kijana wa bodaboda akadakia, "Na huyo anayenyonya yuko chekechea?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Jaji hakucheka. Akasema kila shule iwatoe mamluki wake sasa hivi, mashindano yanaanza upya.

Wakaanza kutoka. Wetu watatu waliobaki. Shule nyingine wakatoka watano, mmoja ni mwimba besi aliyenyolewa ndevu asubuhi ile, kaptura imembana. Bodaboda wakamtambua. "Baba Jeni! Kijiweni abiria wanakusubiri!"

Tukaitwa tena. Nikamrudisha Editha mbele. Moyoni nasema afadhali, sasa ni watoto wangu niliowafundisha, tutashinda kwa haki.

Nikatoa ishara. Ngoma ikapiga. Midomo ikafunguka.

Kimya.

Nilidhani masikio yameziba kwa vumbi. Nikarudia ishara. Mstari mzima ukafungua midomo na kuifunga, vizuri kabisa, kwa mpangilio, shingo zinainama pale zinapotakiwa kuinama. Hakuna sauti. Kayamba na ngoma tu.

Ndipo Editha akageuka, akamtazama Zakayo kwenye viti vya walimu, akauliza kwa sauti yake ile ya barabarani:

"Mwalimu, sasa tutoe?"

Zakayo akainamia viatu vyake.

Ni yule bibi aliyejibu. "Toeni, wajukuu zangu! Midomo hiyo mmeileta Kasulu ipunge upepo?"

Wakatoa. Lakini wameshtuka, kila mmoja kaanzia kwake, sauti ya pili ikaikimbilia ya kwanza. Tukashika nafasi ya tatu. Ilishinda shule ndogo ya upande wa Kasulu, isiyomtoa mtu hata mmoja mstarini. Wao ndio walioenda ziwani.

Kwenye lori nikamuuliza Editha walikatazwa lini. "Asubuhi, tukipanda. Alisema atakayetoa sauti akamharibia Siwema, atarudi kwa miguu."

Kasulu hadi kwetu, wakuu. Kwa miguu.

Mwezi uliofuata niliondoka Kibondo. Sijui kama Editha aliwahi kuliona ziwa.

Mamluki nimewaona wengi kabla na baada, kwenye mpira, hata kwenye kwaya za kanisa. Siwema simlaumu, aliitwa akaimba, na aliimba vizuri. Kinachonishtua hadi leo ni ile midomo. Watoto niliowafundisha kuimba waliambiwa wasiimbe, wakatii wote, bila mmoja kuja kuninong'oneza.

Nilichojifunza: mtoto anayekutii kila kitu, usijisifu haraka. Muulize kwanza ameambiwa nini na nani.

Nyie wenzangu mliopita kwaya za shule, kuna aliyewahi kuambiwa afungue mdomo tu? Na mlioko Kigoma, mambo haya bado yapo? Nipo hapa nasoma, hata wa kunicheka karibuni.