Mluzi wa Mtu Asiyesema

Kwanza ulikuwa mluzi.

Umeme ulikatika saa tisa mchana. Banda letu lina maturubai kila upande ili kioo cha televisheni kionekane vizuri, kwa hiyo umeme ukikatika huoni hata kidole chako. Watu wakaguna, viti vikalia, halafu mluzi ukapita katikati ya giza.

Ulipanda, ukakatika ghafla, kisha ukashuka taratibu kama mtu anayejikalisha chini.

"Nani huyo?" nikauliza.

Joakim mwenye banda akavuta kamba ya jenereta huko nje, taa zikarudi, tukaendelea na gemu. Mimi nikausahau ule mluzi. Kichwa kiliusahau, ila mdomo haukuusahau.

Na mdomo wangu huo ndio uliosababisha mama mmoja atoke Mwanhuzi, aingie bandani mchana kweupe, aiamkie televisheni.

Tulieni niwape kisa.

Mimi ni Yakobo. Hapa Bariadi ukimwuliza fundi baiskeli yeyote "Yakobo wa Maiki yuko wapi?", atakuonyesha kwa mdomo bila kuacha kazi yake. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe nikipalilia pamba ya babu, nahesabu mizani kwa mapigo ya jembe. Anayesema ushairi ni wa watu wa pwani, aje na wake tukutane.

Kazi yangu ni kusimulia. Joakim ana banda la gemu. Asubuhi vijana wanacheza mpira wa kwenye PS, mchana tunaweka lile gemu la safari, la yule mtu mwenye upanga. Mmoja anacheza, banda zima linatazama, mimi nashika maiki nasimulia kama wale jamaa wanaotafsiri sinema.

Shida ilikuwa moja tu. Yule mtu mwenye upanga hasemi.

Hasemi kabisa! Anatumwa huku, anatumwa kule, anapigwa, anapewa zawadi, yeye anatingisha kichwa tu. Hana jina wala haijulikani baba yake ni nani.

Siku ya kwanza mzee mmoja aliyekuja kunyolewa kwa kinyozi wa jirani alichungulia, akakaa, akatazama kidogo, kisha akauliza kwa sauti:

"Huyu kijana ng'wa nani?"

Msukuma akikuuliza "ng'wa nani" anataka kujua wewe ni wa baba gani, wa ukoo gani. Bila hilo salamu haijakamilika.

"Haijulikani, mzee," Joakim akajibu.

Mzee akasimama, akachukua kofia yake. "Sasa nitamtazamaje mtu ambaye hata kwao sikujui?"

Akaondoka! Na wawili wakamfuata.

Joakim akanigeukia. "Yakobo, mtafutie huyu mtu kwao. La sivyo banda linakufa."

Kaka, kazi hiyo ndiyo niliyozaliwa nayo.

Kesho yake nikamvika ukoo mzima. Nikasema huyu ni mtoto wa mtemi, babu yake alikuwa na ng'ombe wa kufunika bonde. Hasemi kwa sababu ya fahari. Simba hajitambulishi, bwana! Nikashusha na beti:

*Huyu mtu hana neno, lake neno ni vitendo;*
*kimya chake ni mkuki, umetupwa kwa kishindo.*

Banda likalipuka. Hata yule mzee wa kofia akarudi na wenzake.

Aliyekuwa akishika pedi ya kuchezea alikuwa kijana wa kazi wa Joakim. Tulimwita Kimya. Anatengeneza pedi zilizokufa, anawasha jenereta, anafagia. Ukimsalimia "mambo", anajibu "poa", basi umemaliza maneno yake ya siku. Lakini mkononi mwake lile gemu lilikuwa maji ya kunywa. Yeye anacheza, mimi nasema. Tulikuwa kama ng'ombe wawili wa jembe moja, ila mmoja ndiye anayepiga kelele.

Mtu pekee aliyenipinga alikuwa Felisita, anayesuka nywele mlango wa pili. Huyo dada akikosa mteja anakuja kuegemea nguzo na kitana kichwani, kazi yake kuniharibia simulizi.

"Yakobo, huyo siyo mtoto wa mtemi."

"Umejuaje?"

"Mtazame. Kila akipita penye mashamba, anaacha safari yake anakwenda kuwatoa mbuzi na ng'ombe wa watu. Nani kamtuma? Hapati hata pointi."

"Ni mwenye mali! Mwenye mali anapenda mifugo."

"Mwenye mali hafukuzi ng'ombe kwa haraka vile. Yule ana hofu."

Watu wakacheka. Nikapandwa na moto.

"Haya, mtaalamu, na hili je? Pale mwanzo wa gemu kuna nyumba ya mama yake, taa inawaka, kitanda kipo. Mbona haingii kulala? Analala porini. Hiyo siyo fahari?"

Felisita akatoa kitana kichwani, akanielekezea kama fimbo. "Hiyo ni aibu. Mtu haogopi mlango wa mama yake mpaka awe na kosa. Tena mbona kila mtu kwenye hilo gemu anamtuma tu? Hakuna hata mmoja anayemwuliza habari zake. Mimi pia ningenyamaza."

"Wewe? Unyamaze?"

Banda likaangua kicheko, nikahesabu nimeshinda. Kimya peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta jasho kwenye pedi na pindo la fulana yake.

Sasa shujaa lazima awe na alama yake. Siku moja mdomo wangu ukapiga mluzi tu, wenyewe, kwenye maiki. Ukapanda, ukakatika, ukashuka taratibu. Watu wakaupenda! Nikatangaza kwamba huo ni mluzi wa shujaa, nimeutunga mimi. Joakim akarekodi kivideo, akakirusha. Kikatembea wasapu mpaka Nyalikungu, mpaka Lalago, mpaka sijui wapi.

Basi ndiyo siku hiyo ninayowaambia.

Banda limejaa. Kimya yuko mbele kabisa na pedi. Kwenye kioo shujaa amefika tena kijijini kwao, anaizunguka ile nyumba ya mama yake. Mimi nimetoka kupiga mluzi kwenye maiki.

Turubai la mlangoni likafunuliwa. Akaingia mama wa makamo, kajifunga kitenge, begani mfuko, miguu myekundu kwa vumbi la safari. Hakutazama mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya viti, akaikazia macho televisheni, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, ng'wana wane."

Anamwamkia shujaa! Anamwita mwanangu!

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Kwenye vurugu hiyo ya kuinuana, mama akasubiri. Walipotulia akauliza:

"Huo mluzi kapiga nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kakufundisha nani?"

Hapo, wenzangu, ndipo nilipopaswa kusema sijui, umenijia tu. Lakini mbele ya banda zima? Mimi Yakobo?

"Nimetunga mwenyewe, mama."

Hakukasirika. Alishusha tu mabega, kama mtu aliyetua mzigo akakuta siyo nyumbani.

"Mimi naitwa Nyanjige," akasema. "Kwetu kila mchungaji ana mluzi wake, ng'ombe wanamjua kwa huo. Mwanangu Machibya alikuwa anaupiga giza likianza kuingia, ng'ombe wasitawanyike. Siku moja alikuwa malishoni, macho kwenye simu anacheza haya mambo yenu. Ng'ombe wakaingia shamba la pamba lililopulizwa dawa asubuhi ile. Alipokuja kupiga mluzi, walikuwa wameshashiba."

Kila mtu pale anajua dawa ya pamba inafanya nini kwenye tumbo la ng'ombe.

"Wakafa. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya kaka yake. Akakimbia jioni hiyo hiyo, mwaka wa tatu huu hatujui kama yuko hai. Nikasikia mluzi kwenye simu ya jirani, wakasema ni wa huyo wa kwenye kioo, ndiyo maana nikamwamkia. Nikasema mtu anayeupiga ndiye atakayenionyesha mwanangu." Akapandisha mfuko begani. "Kama umetunga wewe, basi. Mungu akubariki, baba."

Akageuka.

"Yakobo," Felisita akasema kutoka kwenye nguzo, safari hii bila utani. "Huyu mama kaja kutafuta mtoto. Ule mluzi umeutoa wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu vibaya. Macho yangu yakaangukia kioo.

Shujaa alikuwa amesimama. Hatembei, hapigani. Amesimama tu mbele ya mlango wa mama yake, anapumua, kifua kinapanda na kushuka, kama wanavyofanya watu wa gemu wakiwa hawana anayewachezesha.

Pedi ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, bado inayumba.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na turubai la nyuma, la kwenda uani, lilikuwa linacheza.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile siku umeme ulipokatika. Giza lilipoingia ghafla, kuna mtu humu ndani aliyekusanya ng'ombe ambao hawapo.

Jamani. Wiki nzima najigamba kumfafanua mtu wa kwenye kioo: kwa nini hasemi, kwa nini anawakimbilia ng'ombe wa watu, kwa nini haingii kwa mama yake. Na yule mtu wa kwenye kioo hakuwa na tabia yoyote! Tabia zote zilikuwa za aliyeshika pedi, na alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

"Mama, subiri!" nikapiga kelele. "Nimedanganya! Mluzi siyo wangu!"

Nikadaka maiki. Spika moja ya Joakim iko nje, imeelekea uani, penye jenereta, na nilijua huko nyuma hakuna njia ya kutokea ila kupitia mlangoni kwetu.

"Kimya," nikasema. Sauti ikavuma uani. "Kimya, mwanaume, sikia..."

Nikakwama.

Mimi! Yakobo wa Maiki! Beti zote zilikimbia kama kuku walioona mwewe. Ningemwambia nini mtu ambaye hata jina lake nimelijua muda huo huo?

Felisita akanipokonya maiki mkononi, akampa mama. "Ongea hapo, mama. Anasikia."

Mama Nyanjige akaishika kwa mikono miwili kama kibuyu cha maziwa. Hakuangalia uani. Alimwangalia shujaa aliyesimama mbele ya mlango.

"Machibya. Baba yako alikasirika. Alikasirika sana. Halafu akauza dume akazunguka minadani kukutafuta, siyo kutafuta ng'ombe. Kaka yako ameoa. Ukoo ulichanga. Amezaa mtoto wa kiume, amempa jina lako. Kila siku nyumbani tunaita Machibya, Machibya, njoo ule. Na kila siku anakuja mmoja tu."

Akaweka maiki chini.

Jenereta lilikuwa limezimwa, umeme upo, kwa hiyo uani palikuwa kimya kabisa.

Kisha tukausikia. Ulianza vibaya, wa midomo mikavu. Ukapanda, ukakatika, ukashuka taratibu.

Turubai la nyuma likafunuka.

"Mayu," akasema.

Ndilo neno la kwanza, ukiacha "poa", nililowahi kulisikia kwake, na lilikuwa "mama".

Mama alimpiga na mfuko. Pigo moja, la pili, la tatu likageuka likawa kukumbatia. Halafu akamsukuma, akamkagua kuanzia juu.

"Na hiki kichwa kakunyoa nani? Panya?"

Banda likalipuka. Joakim akajifanya vumbi limemwingia jichoni. Yule mzee wa kofia akasimama, akampa Machibya mkono, akamwuliza kwa heshima zote:

"Ng'wa nani, kijana?"

"Ng'wa Mayala. Wa Mwanhuzi."

"Haya. Sasa tunakutazama."

Nimeandika kisa hiki kwa sababu ya swali hilo la mzee. Mtu wa kwenye kioo tulimtafutia ukoo, baba, babu na mizimu yake. Mtu anayetuwashia kioo tulimpa jina la utani tukaridhika nalo. Na wewe unayesoma unaye mmoja kazini kwako au mtaani, anajibu "poa" na kupita. Usimtungie hadithi kama mimi. Mwulize kwao wapi, kisha ukae usikie.

Tulipowasindikiza stendi asubuhi yake, Machibya alinivuta pembeni.

"Yakobo, wewe ndiye unayejua kusema. Twende wote. Baba akiniuliza, sijui naanzia wapi. Unisemee."

Felisita alikuwa karibu. "Mpeleke huyo uone. Mzee hatapata nafasi hata ya kukusamehe. Hawezi kunyamaza kutoka hapa mpaka Nyalikungu!"

Watu wa stendi wakacheka. Kwa kawaida ningemshushia ubeti ambao angeukumbuka mpaka harusini kwake. Nilikuwa nao tayari, unawaka ulimini.

Nikaumeza. Nikamshika Machibya bega, mbele ya mama yake, mbele ya Felisita na wapiga debe wote.

"Machibya wa Mayala, nakuahidi. Nitakwenda na wewe mpaka mlangoni kwenu. Nitasimama nyuma yako, na utakapokuwa unaongea na baba yako, mimi sitasema neno hata moja."