Jiko la Ghorofa ya Kumi na Moja

Tulimwita Milimita, kwa sababu alikuwa mtu wa kugombana na wewe kwa jambo lisilozidi upana wa kucha. Alikuwa seremala wa makabati ya jikoni, nami kwa miaka mingi nilikuwa fundi vigae wake, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Kazi zetu zilikuwa kwenye yale maghorofa yenye walinzi wawili getini na kioo kizima ndani ya lifti. Akiingia kwa mteja hakusifia dirisha wala zulia. Aliuliza, "Hapa nani anapika?" Kabla mteja hajamaliza kujibu, mpishi ameshaitwa na kupimwa kutoka sakafuni hadi kiwikoni, maana urefu wa kaunta alikuwa akiutoa kwenye mkono wa mtu, si kwenye kitabu cha picha.

Bei aliitaja bila kupepesa macho. Wateja walidhani jiwe la kaunta ndilo linalotoboa mifuko yao, naye aliwaacha walalamikie jiwe mpaka wachoke, kisha akawaambia ukweli.

"Jiwe halijakukosea, mama. Sinki ndilo lenye kesi. Ukiniachia pale lilipo, tutaelewana. Ukisema lihame, bomba la maji machafu linataka mteremko, kwa hiyo ama niinue sakafu ama nitoboe zege. Na chini ya zege kuna dari ya jirani ambaye hajafanya kosa lolote."

Hapo alikuwa hajamgusa meneja wa jengo, anayetaka ruhusa ya mhandisi, anayetaka amana kwa ajili ya mikwaruzo ya korido, na anayeruhusu nyundo saa chache tu za mchana, hivyo kazi ya wiki moja inakula tatu huku mafundi wakilipwa kwa siku. Halafu kuta zenyewe hazijanyooka, kila kabati likatwe kwa kona yake. Halafu mke anataka nyeupe na mume anataka kijivu, na wanakumbuka kugombana mbao zikiwa zimeshapakwa rangi. "Nusu ya pesa yenu inakwenda mahali ambapo mgeni hatapaona kamwe," Milimita aliwaambia, tena kwa furaha ambayo mimi sikuipenda.

Basi binti yake akanunua nyumba kwenye mojawapo ya maghorofa hayo. Binti ni huyo huyo mmoja, mrefu kama baba yake, ana cheo kwenye kampuni ya bima, na upishi wake unaishia kwenye kuchemsha maji. Akamwita baba amtengenezee jiko. Milimita alivimba kichwa mpaka kukaa naye kukawa kazi. Alipima kila kitu mle ndani, ila lile swali lake hakuliuliza. Mtoto wake mwenyewe, amuulize nini?

Binti alitaka sinki lihamie chini ya dirisha.

"Mwanangu, unajua hilo sinki litakula nini?"

"Najua, baba. Nimekusikia ukiwahubiria watu tangu niko shule ya msingi."

"Dirisha si unaweza kulitazama ukiwa sebuleni?"

"Lihamishe tu, baba."

Likahama. Tuliinua sakafu ya jiko zima, mimi nikapata vigae vya ziada vya kuweka, na sikuona sababu ya kulalamika.

Siku makabati yalipopandishwa na kupangwa, binti alikuja kutoka kazini na viatu vyake mkononi. Akaweka kiganja juu ya kabati moja, akasema, "Yako juu mno."

"Yako juu wapi? Mbona yanakufika sawasawa?"

"Mimi yananifika. Mama hatafika."

Milimita alitoa penseli sikioni, akairudisha. "Mama yako atakuja kupika huku?"

"Anahamia huku, baba. Mwisho wa mwezi. Hajakwambia?"

"Na mimi?"

Binti aliinama akaanza kuvaa viatu. "Wewe hakukutaja," akasema.

Niseme sasa kitu ambacho sisi mafundi wote tulikijua na hakuna aliyethubutu kukitamka. Jiko la nyumbani kwa Milimita halikuwa na mlango hata mmoja wa kabati. Lilikuwa na mbao alizozipigilia mwaka aliooa, na pazia mbele yake, na sinki lililoutazama ukuta mtupu. Kila mkewe, shemeji yetu, alipomkumbusha, jibu lilikuwa lile lile: kuna kazi ya mtu, nikiimaliza nakuja kwako. Baadaye shemeji aliacha kumkumbusha, naye akadhani amezoea. Mimi ningekuwa yeye ningeogopa siku ile ile. Lakini ni rahisi kusema, mimi sikuoa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na kumkuta mkewe anakunja nguo. Yaliyosemwa alinisimulia mwenyewe, na sidhani aliongeza chumvi, maana hayakumpendezesha.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanipiga, hujaninyima chakula. Nimechoka kungoja, basi."

"Wiki hii naweka milango. Naacha kazi zote."

"Wewe malizia la mtoto."

"Nikishamaliza?"

"Ukishamaliza nitakuwa na jiko," alisema shemeji, akaendelea kukunja.

Milimita akatoa futi mfukoni, akamwomba asimame apimwe. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kumpima. Shemeji alikunja kiwiko kama alivyoelekezwa, akatazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Milimita aliniambia alipima mara mbili.

Makabati yote yalishushwa, yakarudishwa karakana, yakakatwa upya. Kazi ile ilipanda bei kuliko zote tulizowahi kufanya, na hasara ya kukata upya aliibeba peke yake. Binti alitaka kuchangia, akafokewa. Nakiri lilikuwa jiko zuri. Droo zilijifunga bila sauti, na ukisimama kwenye sinki unaona mji wote hadi unapoishia. Shemeji akahamia mwisho wa mwezi kama alivyosema, kwa teksi, na masanduku mawili.

Jumamosi moja nilikuwa nimeitwa kule kubadilisha kigae kilichopata ufa. Nikamkuta Milimita getini, ameoga, amevaa shati la kupigwa pasi, hana begi la vifaa. Mlinzi alimfahamu vizuri sana.

"Leo fundi au mgeni?" akauliza, kalamu mkononi. "Fundi napitisha moja kwa moja. Mgeni lazima nipige simu juu."

Milimita aliniangalia. Angejibu fundi, angepita mbele yangu bila tatizo.

"Mgeni," akasema.

Mlinzi akapiga simu, akaeleza ni nani yuko chini, akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akijitahidi asicheke.

"Mama anasema upande. Lakini anasema hakupikii."

"Mwambie sawa," alisema Milimita. "Muulize kama ana vitunguu, au nirudi sokoni."