Chumba cha Mume, Chumba cha Mke

Shemeji yangu, fundi rangi, ana maneno matamu na kiburi cha kuwatosha wanaume kumi. Tangu aanguke kutoka ghorofani akipaka ukuta, miguu haimtii. Dada aliacha kazi ya udobi ili amhudumie: amnyanyue, amwogeshe, amvalishe. Siku hizi dada mwenyewe anatembea ameshika kiuno. Ndiyo maana aliomba malipo ya mlezi, zile pesa ambazo serikali humpa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, nasi tukaitwa ofisini kwao kuhojiwa.

Utaratibu wao ni kuwatenga wanandoa. Mume chumba hiki, mke kile, maswali yale yale, kisha majibu yanalinganishwa. Niliruhusiwa kukaa na shemeji ili nimshikie kiti chake cha magurudumu, kwa sharti la kufunga mdomo. Kwangu mimi hiyo ni adhabu.

Afisa alikuwa msichana mpole, wa umri wa kuweza kuwa binti yake.

"Mzee, nani anakuogesha?"

"Naoga mwenyewe, binti yangu."

Nikauma ulimi.

"Na kuvaa?"

"Navaa. Mke wangu ananipikia tu, kama mke yeyote."

"Shemeji!" nikamaka.

"Mama, tafadhali. Anaulizwa yeye."

Dada alitoka chumba cha pili macho mekundu, lakini uso umetulia. Alikuwa amesema yote, hata yale aliyonificha mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Msichana akasoma karatasi zote mbili, akaguna.

"Majibu yenu yamepishana. Siwezi kulipitisha ombi hili."

"Anaona aibu tu!" nikafoka. "Hajaoga mwenyewe tangu aanguke!"

Msichana, kwa kweli hakuwa na roho mbaya, akainama mbele yake. "Mzee, ni kweli? Nikibadilisha sasa, bado inawezekana."

Shemeji akatazama ukuta. Dada akamtazama yeye.

"Huyu shemeji yangu ana maneno mengi," shemeji akamwambia msichana.

Nilimchukia, Mungu anisamehe. Dada hakugomba. Alisema tu, "Haya, baba watoto, twende nyumbani."

Mlinzi aliyetusaidia kumpandisha ghorofani alikuwa amekwenda kula. Nikatangulia na kiti kitupu hadi chini ya ngazi. Dada akampitisha mumewe mikono kwapani, akauma meno, akaanza kushuka naye huku machozi yakimtiririka.

"Shika vizuri bwana," shemeji akamwambia. "Utaniangusha."