Ufa wa Ghorofa ya Nne

Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka kanisani, mke wangu akikata mboga za sukuma, nami nikipiga pasi, kwenye nyumba tuliyopanga ghorofa ya nne, mtaa wa Kayole. Sakafu ikatikisika. Sufuria zikagongana kwenye rafu, kisha kimya. Ukuta wa sebule ulikuwa umepata ufa kutoka dirishani hadi chini, kidole kingeingia.

Tulishuka mbio na wapangaji wenzetu. Uani tulimkuta shosho, bibi mzee anayeuza mboga hapo getini, ameketi chini. Akamuuliza mke wangu, maana anafundisha jiografia, "Mwalimu, ardhi inatikisikaje na ni mawe matupu?"

"Kule chini mwamba ulipasuka zamani, shosho. Pande mbili zinasukumana, lakini zimebanana, haziendi popote. Siku moja zinaachia. Zikianza kuteleza, mawe yanasagika kuwa unga, joto linapanda, na maji yaliyomo yanafura, yanazisukuma zisikazane tena. Zinavyozidi kuteleza ndivyo zinavyozidi kulegea."

"Nani wa kuzizuia basi?"

"Hakuna. Tunachoweza ni kujenga vizuri."

Kesho yake mwenye nyumba alikuja na fundi na ndoo ya plasta. Hata ngazi hakupanda. Nilimwambia ufa umefika kwenye nguzo, alete mhandisi. Akacheka. "Kijana, hayo ni mambo ya Mungu."

Nikamjibu, "Mzee, tetemeko ni la Mungu. Simiti ya mchanga mtupu uliichanganya wewe." Nikaikwangua nguzo ya pale uani kwa ukucha, ikamomonyoka watu wote wakiona.

"Kama hutaki, hama," akasema.

Wapangaji waliinamisha macho. Hilo liliniuma kuliko maneno yake, ingawa nilijua hawana pa kwenda. Nilipeleka malalamiko kwa wakaguzi wa majengo. Waliahidi kuja. Hawakuja.

Tukahamia mtaa wa Baba Dogo, chumba cha chini karibu na viwanda. Shosho alikataa kufuatana nasi. Wateja wake wote wako Kayole. Juzi nilienda kumjulia hali, nikapanda hadi kwetu kwa zamani. Alinifungulia mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nikamweleza kilicho nyuma ya plasta ile.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sasa niende wapi?"

Nilishuka zile ngazi nimekunja ngumi, na sikuwa na wa kumpiga.