Mwasiti, Uadmin wa Nashipai Hauondoki

Wanasema Mwasiti wa Mabwerebwere amekufa. Jana tumemzika, udongo nimeutupa kwa mkono wangu, na bado sikubali. Mtu amekujibu salamu leo, kesho unaambiwa njoo umzike! Nani kakubali?

Msionijua, mimi ni bibi wa Mikumi, Mnyamwezi, baba yangu aliletwa huku na kazi ya mkonge. Shule niliishia darasa la nne na sijamwomba mtu msamaha. Mwasiti alikuwa Msagara. Kwa hiyo tulikuwa watani.

Ndiye aliyeanzisha wiki yetu ya Kilosa, ile tovuti ambayo kila mtu anaandika habari za kwao na hakuna anayelipwa. Vidunda wanalima nini mlimani, Kidodi malori ya miwa yanapita wapi. Mmesoma bure, mmetukana bure.

Mwanzo admin alikuwa yeye peke yake. Kufuta, kufunga ukurasa, kumfungia mkorofi, yote yeye. Nikamwambia, "We Msagara, mbona umeyaatamia madaraka kama kuku aliyelalia mawe?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua na wewe, mtumwa wangu. Na uwezo wa kuwapa wengine na kuwaondoa nakupa."

Kisha ukurasa wa bonde ukachafuka. Wakulima wanaandika bonde ni mashamba. Wafugaji wanafuta, wanaandika ni malisho. Kutwa nzima futa nikufute.

Mwasiti, binti wa wakulima, akampa uadmin Nashipai, mama wa Kimasai mwenye ng'ombe zake. Jamani! Simu yake ilitaka kupasuka kwa matusi.

Hakutetereka. "Admin hafungi ukurasa wa watu wake. Wa wakulima atafunga Nashipai, wa wafugaji nitafunga mimi. Huu wa bonde unaotugombanisha, afunge mtani. Hana shamba wala ndama."

Nikaufunga, asiandike mtu mpaka wapatane. Wakanuna, wakazoea, wakakaa wakaandika mashamba, malisho, na njia ya ng'ombe kufika mtoni. Mpaka leo hamjaufuta.

Alipoanza kuumwa, Nashipai ndiye aliyekuwa akimletea maziwa. "Shikamoo mama." "Marahaba, admin wangu." Nyie mliokuwa mnapiga kelele mlileta nini?

Sasa sikieni ya jana. Ubani haujazimika, Mzee Chande, mkulima na mwandishi wetu wa siku nyingi, ananisogelea. "Bibi, pole. Mwasiti ndiyo hayupo tena. Mwondoe yule Mmasai, uwezo si unao?"

Nikaingia ndani, nikajifunga kanga ya Mwasiti, nikavaa miwani yake, nikatoka nikitembea kwa kile kiuno chake kibovu. Mtani ana ruhusa hiyo msibani. Wafiwa walicheka na machozi yao usoni.

Nikakaa mkekani, nikaigiza sauti yake: "Chande, ndugu yangu, mbona nilipokuwa hai hukuniambia? Uliogopa nini?"

Hapo hapo nikatoa simu, nikafungua wiki, nikampa Nashipai na ule uwezo mwingine, wa kumpa mtu uadmin na wa kumwondoa. Nikamsogezea Chande simu aone mwenyewe.

"Umeona? Mimi nimezeeka, naweza kumfuata Mwasiti wakati wowote. Ukitaka Nashipai aondolewe, kamwombe Nashipai."

Nashipai alikuwa kwenye masufuria, anapakua. Alimpa Chande sahani yake kama alivyowapa wengine.

Mnaonijazia inbox tangu asubuhi, nimewasoma wote. Mlidhani Mwasiti akifa na maamuzi yake yanakufa. Mmekosea mlango. Siombi radhi, na sifuti hili chapisho.

Mwasiti, Msagara mkaidi wee, umeniachia kazi na ugomvi, ndiyo shukrani zenu Wasagara. Nimekulilia, nimekucheka, sasa nimechoka.

Nashipai yuko zamu. Lala, mtani wangu, wala usiamke kuja kutusimamia.